Kuishi na Familia ya Wenyeji Marekani: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Mwaka Mmoja

Mwanafunzi anayetoka Tanga, Mombasa au Dodoma kwenda kusoma mwaka mmoja Marekani huandaliwa vya kutosha kwa mambo ya viza, ndege na nguo za baridi, lakini huandaliwa kidogo mno kwa jambo litakalomchukulia muda mrefu kuliko yote, yaani kula, kulala na kuamka katika nyumba ya watu asiowajua. Mwongozo huu unahusu jambo hilo. Nimeuandika nikimfikiria hasa kijana wa sekondari aliyechaguliwa katika programu kama Kennedy-Lugar Youth Exchange and Study, ambayo wengi huiita YES, iliyoanzishwa mwaka 2002 kufuatia mashambulizi ya Septemba 11, 2001, na ambayo kwa miaka mingi imewapeleka vijana wa Kenya na Tanzania katika shule za sekondari za huko. Mimi niliishi na familia ya wenyeji katika mji mdogo wa jimbo la Minnesota, na makosa mengi ninayoyaonya hapa niliyafanya mwenyewe.

Wafahamu kwanza wanaokupokea

Jambo la kwanza la kuelewa, na la kuwaeleza wazazi wako kabla hujapanda ndege, ni kwamba katika programu hizi familia hujitolea. Nyumbani utawasikia watu wakisema kwamba hao wanalipwa na serikali yao, na ukienda na dhana hiyo utajikuta unadai huduma kama mpangaji aliyekwisha kulipa kodi. Chumba na chakula wanakupa kwa hiari yao, nao hawakukubaliwa hivi hivi tu: mwakilishi wa shirika linalosimamia programu huwatembelea na kuwahoji nyumbani kwao, na kila mkazi wa nyumba mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea huchunguzwa rekodi ya makosa ya jinai. Kanuni za viza ya J-1, yaani viza ya programu za kubadilishana, kwa wanafunzi wa sekondari zinataka uwe na kitanda chako mwenyewe, kisiwe kochi la kukunjua wala godoro la kupuliza, ingawa chumba unaweza kukitumia pamoja na mtoto mwingine wa jinsia yako.

Usitarajie familia ya picha ya tangazo. Huenda ukapokewa na mama anayelea mtoto peke yake, na wazee wawili waliostaafu ambao watoto wao walishahama, au na watu wenye watoto wadogo watano na mbwa wawili wanaolala sebuleni. Familia hukuchagua baada ya kusoma maombi yako, na kwa sababu hiyo fomu ile si mahali pa kujipamba. Kijana anayeandika kwamba anapenda wanyama wote kwa kuogopa kukosa nafasi, ilhali hajawahi kuguswa na mbwa maishani mwake, atapelekwa kwa watu wenye mbwa, na kosa halitakuwa la shirika. Andika ukweli kuhusu chakula usichokula, ibada yako, mzio wowote ulionao, na hata tabia yako ya kupenda ukimya.

Mkishaunganishwa, andika barua fupi kwa wenyeji kabla ya safari, uwatumie picha za watu wa kwenu na za mtaa wenu kama ulivyo. Zawadi zisiwe za gharama. Kanga hupendwa, lakini soma jina lake kabla ya kununua, kwa kuwa nyingi zimeandikwa kwa ajili ya wake wenza na majirani wasiosalimiana, na mama mwenyeji bila shaka atakuuliza maneno yale yana maana gani. Kahawa iliyokaangwa, majani ya chai na viungo vikavu kama iliki na karafuu kwa kawaida hupita uwanja wa ndege ukivitaja katika fomu ya forodha. Nyama, matunda na mbegu za kupanda viache nyumbani. Usisahau kadi ya chanjo, kwa sababu shule za huko huitaka kabla ya kukuandikisha.

Siku za kwanza

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tatizo ni kwamba huko hakuna atakayekupa jembe kwa kukushika mkono. Wenyeji, kwa adabu yao, wataendelea kukutazama ukikaa huku wakiosha vyombo, wakidhani umechoka na safari, na wiki ya tatu wataanza kujiuliza kama umelelewa kwenye nyumba yenye watumishi. Liombe jembe mwenyewe. Siku ya pili au ya tatu, uliza ni kazi gani itakuwa yako: kutoa takataka, kupanga vyombo kwenye mashine, kufyeka majani, kumtoa mbwa nje ikiwa unaweza. Karibu kila nyumba ya huko haina dada wa kazi, na baba na mama wanaotoka kazini ndio wanaopika, wanaofua na wanaodeki. Ukiwa umelelewa katika nyumba ambayo mtu mwingine alifanya hayo, jifunze kufua shuka zako kabla ya kuondoka.

Chagua jioni moja ya wiki ya kwanza, uketi na wenyeji ukiwa na daftari, uulize maswali yanayoonekana ya kitoto. Niwaiteje? Naweza kufungua jokofu wakati wowote, na ni kitu gani ndani yake hakiguswi? Nioge saa ngapi ili wengine wasikose maji ya moto? Niwe nimerudi nyumbani saa ngapi siku ya shule, na saa ngapi Jumamosi? Tukila hotelini, nani hulipa? Neno la siri la intaneti ni lipi, na simu izimwe saa ngapi usiku? Mimi sikuuliza lolote kati ya haya kwa kuona haya, na kwa siku kumi nilioga maji ya baridi kwa kudhani mfereji wa moto umekatazwa.

Kuhusu saa, jihadhari na mtego wa lugha. Mwenyeji akikuambia kwa Kiingereza kwamba chakula cha jioni ni saa sita, anakusudia saa yetu ya kumi na mbili jioni, na hata aliyesoma Kiingereza tangu chekechea huteleza hapo kwa uchovu wa safari. Weka saa yako kwa hesabu yao na uache kutafsiri kichwani.

Adabu inayosomwa kinyume

Hapa ndipo nilipoona vijana wengi wazuri wakieleweka vibaya, na wenye malezi bora zaidi ndio waliotatizika zaidi. Kwetu mtoto mwenye adabu hunyamaza mbele ya wakubwa, huinamisha macho anapokemewa, hamtaji mtu mzima kwa jina lake, na chakula hukataa kwanza mpaka abembelezwe. Peleka tabia hizo kama zilivyo katika nyumba ya Minnesota au Ohio, na wenyeji wako watahitimisha kwamba huna furaha, unaficha jambo, na hupendi mapishi yao.

Anza na chakula, maana njaa haingoji. Mama mwenyeji akikuuliza kama unataka kuongezewa, nawe ukasema hapana ya heshima, sahani itaondolewa na hakuna atakayeuliza tena, kwa kuwa kwao kurudia swali ni kumlazimisha mtu. Hapana yao ni hapana. Ukitaka, sema ndiyo mara ya kwanza na ushukuru. Vilevile usingoje kukaribishwa kila mlo, na usishangae mtu akila mbele yako bila kukuambia karibu, huyo hakudharau. Ukiambiwa jihudumie mwenyewe, maneno hayo yana maana ile ile yanayoonyesha, na atakayeketi kungoja kupakuliwa atalala na njaa katika nyumba iliyojaa vyakula.

Kuwaita wenyeji kwa majina yao ya kwanza kutakuuma kinywani. Hakuna shikamoo ya kutangulia, hakuna baba fulani wala mama fulani, na kuna mtu mwenye umri wa babu yako anayesisitiza umwite kwa jina. Wapo wanaopendelea uwaite mama na baba, na wapo wasiotaka kabisa. Ndiyo maana nimesema uulize. Usikwepe kwa kutowaita kwa jina lolote, kama nilivyofanya mimi kwa mwezi mzima, nikimsogelea mtu na kukohoa ili ageuke.

Macho nayo ni lugha. Unapoelezwa kosa, mtazame anayesema, japo kwa vipindi vifupi, kwa kuwa kuinamisha kichwa huchukuliwa kuwa dalili ya uongo au kiburi. Kisha jibu. Ukimya wako, ambao kwa bibi yako ungekuwa utii, kwao ni mlango uliofungwa.

Neno la tafadhali linahitaji kuzoewa. Kiswahili huibeba adabu ndani ya kitenzi, kwamba ukisema naomba maji umekwisha kuwa mpole, na tafadhali yetu wakati mwingine hata ina ukali wa karani wa ofisini. Kiingereza cha Marekani hulitarajia neno hilo pamoja na asante kwa kila glasi ya maji na kila safari ya gari. Kinyume chake, utakosa neno la pole. Mtu akijikwaa ukamwambia unasikitika, atakujibu kwamba si kosa lako, na utabaki na huruma yako mkononi. Nimewahi kuwafundisha wenyeji wangu neno lenyewe, na hadi leo wanalitumia.

Chumba chako ni chako, na watu watabisha hodi. Hata hivyo, anayejifungia humo kila jioni akiwa na simu hueleweka kuwa anawakimbia wenye nyumba. Fanyia kazi zako za shule mezani jikoni, kaa nao wanapotazama mpira, na ukihitaji faragha sema tu kwamba umechoka na unataka saa moja peke yako. Ukisema, hakuna atakayekasirika.

Jikoni, bafuni na garini

Mashine ya kuosha vyombo ina sabuni yake. Sabuni ya maji ya kuoshea masufuria kwa mkono haitiwi humo. Mimi niliitia, na povu likatoka mlangoni likatandaa jiko zima huku mbwa akilibwekea. Mashine ya kukausha nguo ina kichujio kinachokusanya nyuzi, nacho husafishwa kila baada ya kutumika, kwa sababu kikiziba kinaweza kuwasha moto. Bafuni, pazia huwekwa upande wa ndani wa beseni la kuogea, kwa kuwa sakafu za huko mara nyingi hazina tundu la kupitishia maji na dari ya chini huharibika. Aliyezoea kujisafisha kwa maji chooni abebe chombo kidogo cha plastiki chenye mdomo, akijaze kwenye sinki, na apanguse matone kabla ya kutoka.

Katika miji midogo hakuna daladala, matatu wala bodaboda, na programu nyingi zinamkataza mwanafunzi kuendesha gari. Maana yake ni kwamba kila mazoezi ya mpira, kila mkutano wa klabu na kila ziara kwa rafiki ni muda wa mtu mwingine. Omba usafiri siku moja kabla, taja saa ya kwenda na ya kurudi, na usibadili mpango ukiwa njiani. Fedha za matumizi binafsi, nguo, sabuni na simu ni juu yako au juu ya posho ya programu. Usikope kwa wenyeji.

Dini na chakula

Hakuna anayeruhusiwa kukulazimisha kwenda kanisani, wala kukuzuia kusali. Familia nyingi zitakualika, na baadhi ya vijana wa Kiislamu hukubali mara moja au mbili ili kuona na kufahamiana na watu, wengine hukataa; yote mawili yanapokewa vizuri ukieleza kwa upole mapema badala ya kujifanya mgonjwa asubuhi ya Jumapili. Mkristo aliyepelekwa katika nyumba isiyosali naye ana haki ya kuomba apelekwe kanisani, au amwombe mratibu, yaani mwakilishi wa shirika katika eneo lake, amtafutie wa kumchukua.

Asiyekula nguruwe ajue kwamba nyama hiyo hujificha: peperoni juu ya piza, bekoni ndani ya maharage, jelatini katika pipi laini. Waeleze wenyeji hivyo mara moja kwa orodha iliyoandikwa, kisha usikague kila sufuria kama mpelelezi. Minneapolis ina jamii kubwa ya Wasomali na maduka ya nyama halali. Ukiwa umbali wa kufikika, safari moja ya mwezi hutosha kujaza friza.

Kwa miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, katikati ya muhula. Zungumza na wenyeji wiki mbili kabla, kwa sababu kinachowatisha zaidi ya njaa ni kwamba hata maji hunywi, na mama mwenyeji asiyeelezwa anaweza kuipigia shule simu. Mjulishe pia mwalimu wa michezo. Panga daku yako usiku katika chombo kimoja ndani ya jokofu ili usiamshe nyumba kwa sufuria. Kumbuka pia kwamba Jumapili ya pili ya Machi majimbo karibu yote husogeza saa mbele kwa saa moja. Mfungo ukivuka siku hiyo, futari itachelewa kwa saa moja ghafla, na watu wa nyumbani wanaokula chakula cha jioni saa ile ile kila siku watahitaji kukumbushwa.

Simu ya nyumbani na ukiwa

Majira ya baridi, Minnesota iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tisa, na majira ya joto kwa saa nane. Mama yako akimaliza kazi zake saa mbili usiku na kukupigia, wewe uko darasani saa tano asubuhi. Pangeni siku moja maalumu. Kwetu ilikuwa Jumapili saa tatu asubuhi ya huko, ambayo nyumbani ilikuwa saa kumi na mbili jioni, familia ikiwa imekusanyika. Mara moja moja waite wenyeji waje wasalimiane na wazazi wako, hata kama mazungumzo yataishia katika kupungiana mikono na wewe kutafsiri, kwa maana mzazi aliyemwona uso anayemlea mwanawe hulala vizuri zaidi.

Usipige simu kila usiku. Nasema hivi nikijua lawama zitakazonipata kwa akina mama, lakini anayeishi nusu ya siku katika simu ya nyumbani haishi popote. Upweke huja zaidi Novemba na Desemba, wakati msisimko umekwisha, marafiki wa shule wamo katika sikukuu za kwao, na jua la Minnesota linazama kama saa kumi na nusu jioni. Toka nje ukingali na mwanga, jiunge na timu au kwaya, na umpikie mtu chakula. Alhamisi ya nne ya Novemba, siku yao ya kutoa shukrani, nilipika pilau karibu na bata mzinga wao. Vitunguu nilivyokaanga mpaka vikawa kahawia viliamsha king'ora cha moshi na wageni wote wakatoka barazani kwenye theluji, lakini sufuria lilirudi tupu.

Mkikosana

Kukosana kutakuja, na mara nyingi chanzo kitakuwa kidogo: taa iliyoachwa ikiwaka, ndugu mwenyeji anayevaa fulana zako, kauli iliyosikika kuwa kali. Kanuni niliyojifunza ni kutoliacha jambo lipite wiki moja. Mtafute mhusika akiwa ametulia, eleza kilichotokea bila kumhukumu, kisha uliza yeye alikionaje. Usiwaeleze wazazi wako kwanza. Watakosa usingizi kwa jambo ambalo wewe utakuwa umelisahau kesho yake.

Likishindikana, mwite mratibu wa eneo lako, ambaye anapaswa kuwasiliana nawe angalau mara moja kila mwezi. Kumweleza si kusengenya. Kazi yake ndiyo hiyo. Anaweza kuwakutanisha, na inapobidi atakutafutia familia nyingine. Kuhama hutokea, na hakumaanishi kwamba umefeli au kwamba wenyeji ni watu wabaya.

Yapo mambo yasiyosubiri wiki wala mazungumzo ya upole. Mtu mzima au kijana akikugusa usivyotaka, akikuonyesha picha chafu, akikutisha, akikunyima chakula au akishikilia pasipoti yako, mwambie mratibu siku hiyo hiyo, na asiposikia mwambie mshauri wa wanafunzi shuleni au shirika lenyewe. Ukifika utapewa kadi yenye namba za mratibu, za shirika na za Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani; ibebe siku zote, na uzihifadhi namba hizo katika simu. Hatari ya papo hapo hupigiwa 911. Wala usijifariji kwamba watu hawa wamekupa mengi kiasi kwamba huna haki ya kulalamika, kwa kuwa ukarimu haununui ukimya. Pasipoti na fomu ya DS-2019, ile hati ya programu inayoambatana na viza yako, zikae mahali unapopajua wewe, na familia ikipanga kuvuka mpaka kwenda Kanada, mweleze mratibu mapema, maana bila saini ya shirika katika fomu hiyo unaweza kukwama kurudi.

Wiki za mwisho

Anza kufungasha wiki tatu kabla, kwa sababu mwaka mmoja hauingii katika mabegi uliyokuja nayo, na koti zito la baridi halina kazi Tanga. Rudisha vitabu vya maktaba na sare za michezo, lipa kila deni, fua shuka na usafishe chumba mpaka chini ya kitanda. Mwandikie kila mtu wa nyumba barua yake kwa mkono, ukitaja jambo moja halisi alilokufanyia. Kisha waachie mapishi, lakini uyapime kwanza kwa vikombe na vijiko, kwa kuwa maneno yetu ya kiasi na mpaka uone hayasomeki jikoni kwao. Mama mwenyeji wangu alinipigia simu Novemba iliyofuata, sufuria likiwa tayari motoni, kuuliza nilipoandika kwamba viungo vikaangwe mpaka vinukie nilikusudia dakika ngapi, nami nikalazimika kumwacha hewani nikaenda jikoni kumuuliza mama yangu, ambaye naye hakuwa amewahi kuhesabu.